Askofu Edward Steere, Mwandishi wa Hadithi za Unguja

Tangu zamani za mababu, jua likiisha kuchwa, na viboko wa Ziwa Babati wakianza kutoka majini kwenda malishoni, watu wa Bagara walikusanyika nyumbani kuota moto. Hapo ndipo watoto walipomsogelea bibi na kumwomba hadithi. Bibi akisimulia, Sungura hunena kwa sauti nyembamba na Fisi kwa sauti ya kukwaruza, na watoto hucheka hata usingizi ukawachukua. Lakini hadithi nyingi za namna hiyo hazikuandikwa popote. Zilikaa katika moyo wa bibi kama nafaka ghalani. Na bibi akifa, zilizikwa pamoja naye, isipokuwa yuko mjukuu aliyezishika.

Katika kisiwa cha Unguja, mbali na Bagara upande wa mashariki, ilikuwa vivyo hivyo. Watu wa huko nao walikuwa na Sungura wao na Simba wao, na usiku walitambiana hadithi zao. Tena kule alitokea mtu mmoja aliyeketi akasikiliza, kisha akaziandika kama alivyozisikia. Kwa ajili ya kazi yake na ya wale waliomfuata, hadithi za Unguja zimefika hata mikononi mwa watoto wa nchi za mbali, katika vitabu vyenye picha za rangi. Mtu huyo ni Edward Steere.

Edward Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mtoto naye alitiwa katika elimu hiyo hiyo. Alisoma katika chuo cha University College, akapata shahada yake mwaka 1847. Na mwaka 1850, akiwa kijana wa miaka 22 tu, alipata cheo cha daktari wa sheria. Watu walidhani kwamba atakuwa wakili mkubwa, mwenye mali na sifa. Lakini moyo wake haukutulia katika kazi ile. Mwaka 1856 aliwekwa kuwa shemasi wa Kanisa la Uingereza, na baadaye akawa kasisi katika vijiji vya Lincolnshire, penye wakulima na wavuvi. Ingawa alikuwa mwenye elimu nyingi, hakuona haya kuvua koti lake na kushika kazi ya mikono pamoja nao.

Jirani yake huko alikuwa kasisi mwenziwe, William Tozer. Mwaka 1863 Tozer alifanywa Askofu wa misioni ya vyuo vikuu, iliyoanzishwa baada ya Dk. Livingstone kuwaomba Waingereza wapeleke walimu katika Afrika ya Kati. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Askofu wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862, na wenziwe kadhaa walikufa pia. Steere hakutaka rafiki yake aende peke yake, akafuatana naye. Alikusudia kukaa muda mfupi tu, mpaka kazi isimame, kisha arudi kwao. Hakujua ya kuwa kaburi lake litakuwa Afrika.

Kwanza walikaa juu ya mlima Morumbala, karibu na mto Shire, lakini mahali pale hapakuwafaa. Basi waliondoka, na mwisho wa mwezi wa Agosti 1864 walishuka Unguja. Siku zile Unguja ulikuwa mji wa biashara kubwa, wenye majahazi mengi bandarini, na karafuu na pembe za ndovu. Lakini ulikuwa pia na soko la watumwa. Kila mwaka maelfu ya watu walioshikwa katika nchi za Wayao, Wanyasa na nyinginezo waliletwa pwani wakiwa wamefungwa, wakapakiwa majahazini, wakauzwa katika soko la Unguja kama mbuzi.

Muda mfupi baada ya wamisionari kufika, Sultani Majid aliwapa watoto watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Watoto hao walikuwa wametengwa na mama zao. Hawakuwa na bibi wa kuwasimulia, wala moto wa nyumbani wa kuota, na wengine walikuwa wadogo mno hata kuyashika vema maneno ya kwao. Baada yao walikuja wengine, na kila mmoja alitoka kabila lake. Mwalimu hakujua lugha zao, wala wao hawakujua Kiingereza. Lugha iliyoweza kuwaunganisha ni moja tu, nayo ni Kiswahili.

Si kweli kwamba Waswahili hawakujua kuandika kabla ya kuja kwa Wazungu. Wenye elimu miongoni mwao waliandika kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi, na tenzi zao zilikuwa maarufu katika pwani yote. Tena Dk. Krapf, aliyekaa Mombasa, alikuwa amekwisha kutunga kitabu cha sarufi, kilichopigwa chapa mwaka 1850. Lakini Steere alitaka kukijua Kiswahili cha Unguja, kile kilichosemwa sokoni, barazani na jikoni. Hakuna aliyeweza kumfundisha hicho ila wenyeji.

Basi yule daktari wa sheria akawa mwanafunzi. Aliketi na watu wa Unguja, akauliza jina la kitu hiki na kile, akaandika. Aliuliza maana ya neno, kisha akalitafuta tena katika kinywa cha mtu mwingine, ili ajue kama amelisikia vema. Mtu mwenye kiburi hawezi kujifunza lugha ya wenziwe, maana kila siku hana budi kukosea, na kuchekwa, na kusahihishwa hata na mtoto. Steere alivumilia, na kidogo kidogo masikio yake yakafunguka.

Hata alipokwisha kukusanya maneno mengi, aliona jambo lililo kubwa. Mgeni akitunga sentensi za kufundishia, huweza kutia ndani yake mwendo wa lugha ya kwao, na msomaji asiyejua atadhani ndivyo Waswahili wasemavyo. Lakini mwenyeji anapowasimulia wenyeji wenziwe hadithi, lugha hutoka safi kama maji ya chemchemi. Kwa hiyo Steere aliwaomba watu wa Unguja wamsimulie hadithi zao, naye akaandika waliyoyasema. Wako Wazungu wengi wa siku zile waliodhani kwamba hadithi hizo ni upuzi wa kupitisha usiku. Steere aliona kwamba ndani yake mna akili za watu, na mzaha wao, na hukumu yao juu ya mema na mabaya.

Mojawapo ni hadithi ya Sultani Majnuni. Sultani huyo alikuwa na paka. Siku moja paka akakamata ndama akamla. Watu wakamwambia Sultani, naye akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, wamwache. Paka akazidi kukua na kula wanyama wakubwa zaidi, na kila aliposhitakiwa Sultani alitoa jibu lile lile. Mwisho paka akaanza kula watu. Hapo hata Sultani akafumbuliwa macho, maana paka alikuwa amegeuka kuwa nunda, mnyama mkali wa kutisha, na wana wa Sultani nao waliuawa. Ndipo mwana wa mwisho, aliyedharauliwa na baba yake kwa sababu alipenda kukaa jikoni, akaapa kumtafuta nunda. Akaenda, akaua mbwa, akamburuta mpaka nyumbani akiimba kwamba amemwua nunda. Mama yake akamwimbia kwamba huyu siye. Akaenda tena, akaua fungo, na mama akajibu vile vile. Ikawa hivyo kwa ngawa, na punda milia, na twiga, na kifaru, hata na tembo. Lakini hakukata tamaa. Mwisho akamwona nunda mwenyewe amelala usingizi, akamwua pamoja na watu wake, na nchi ikapona.

Mtu mwenye haraka angaliweza kuifupisha hadithi hiyo. Angaliandika tu kwamba kijana aliua wanyama wengi, na baadaye akamwua nunda. Maneno yangalipungua, lakini hadithi ingalikufa. Utamu wake uko katika kurudia: kijana anaimba, mama anaitikia, na kila mara mnyama ni mkubwa kuliko wa kwanza, hata wasikilizaji nao huimba pamoja na mama. Steere hakuukata wimbo ule. Aliuandika kila ulipoimbwa, kwa sababu ndivyo ilivyosimuliwa. Mwandishi wa hadithi za watu huwajibika kwa mambo mawili: kwa yule aliyemsimulia, asimgeuzie maneno yake, na kwa yule atakayesoma, asimnyang'anye utamu wake.

Hadithi nyingine alizoziandika ni ile ya kima na papa waliofanya urafiki penye mkuyu ulioinama juu ya bahari. Papa alimchukua kima mgongoni, na katikati ya bahari akamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia wala hakupigana. Alisema kwamba makima huacha mioyo yao juu ya mikuyu, basi warudi wakauchukue. Papa akarudi, kima akarukia mtini, akaokoka. Iko pia hadithi ya mwalimu Goso, aliyeangukiwa na buyu alipokuwa akifundisha chini ya mbuyu. Wanafunzi wake wakamtafuta aliyemwua, wakaenda kwa upepo, na kwa ukuta, na kwa panya, na kwa paka, na kwa wengine wengi, na kila mmoja akamtaja mwenziwe aliye na nguvu kumzidi, mpaka wakamfikia paa.

Misioni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na Steere aliijua kazi hiyo. Aliwafundisha vijana waliokombolewa kupanga herufi za risasi moja moja na kukaza karatasi juu yake. Vijana waliouzwa jana kama bidhaa wakawa mafundi wa vitabu. Steere mwenyewe alirudi Uingereza mwaka 1868, na mwaka 1870 vitabu vyake viwili vilitolewa London. Kimoja ni cha kufundishia lugha ya Kiswahili. Cha pili ni kitabu cha hadithi, kiitwacho Swahili Tales, na katika jina lake alitaja wazi kwamba hadithi zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Ndani yake Kiswahili kimewekwa upande mmoja, na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili, ili kila mtu aweze kuyapima maneno ya mwandishi kwa maneno ya msimulizi.

Mwaka 1872 Steere alirejea Unguja. Tufani kuu ilikuwa imevuma mwezi wa Aprili mwaka huo, ikabomoa majumba na kung'oa mikarafuu, na nyumba za misioni zilikuwa zimeharibika. Wengi wa wenziwe wa kwanza walikuwa wamekufa au kurudi kwao kwa ugonjwa. Yeye akaanza tena. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko la watumwa likafungwa, ingawa utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897. Mahali pale penye soko, katika mtaa wa Mkunazini, Steere alijenga kanisa kubwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Hakuwa na fundi mkuu kutoka Ulaya. Alisimamia mwenyewe, akawafundisha vibarua kuchanganya saruji na vipande vya matumbawe kwa ajili ya dari ya kuba. Watu walisema kwamba dari ile itaanguka. Haikuanguka, na kanisa limesimama hata leo.

Mwezi wa Agosti 1874 alifanywa Askofu. Mwaka 1876 alifuatana na watu waliokombolewa utumwani, waliotaka kurudi bara, akawafikisha Masasi, nao wakajenga kijiji chao huko. Pamoja na kazi hizo zote hakuacha kalamu. Alitafsiri Agano Jipya na sehemu nyingine za Biblia kwa Kiswahili, na yale aliyojifunza katika hadithi yalimfaa sana katika tafsiri, maana aliisikia lugha kama wenyewe waisemavyo. Alikufa usingizini, katika nyumba yake Unguja, mwezi wa Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga.

Kazi yake haikufa. Wataalamu wa lugha walipokutana Mombasa mwaka 1928, walikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika Afrika ya Mashariki, na vitabu vya Steere ni miongoni mwa vilivyokuwa vimeutengeneza msingi ule.

Hadithi zenyewe nazo zilisafiri. Mwaka 1901, katika mji wa Chicago, Marekani, George Bateman alitoa kitabu cha hadithi za Unguja kwa ajili ya watoto, chenye picha zilizochorwa na Walter Bobbett. Ndani yake wamo tena Goso mwalimu, na kima na papa, na yule paka aliyekuwa nunda. Mwaka 1989 Verna Aardema, mwalimu na mwandishi wa Marekani, alitwaa kutoka kitabu cha Bateman hadithi ya Sungura aliyemdanganya Simba kwa ajili ya asali, akaifanya kitabu kizima cha watoto, na Jerry Pinkney akachora kila ukurasa kwa rangi. Mtoto asiyejua bado kusoma aliweza kuifuata hadithi kwa macho, kama mjukuu wa Unguja alivyoifuata kwa masikio.

Katika safari hiyo ndefu hadithi ilipata kitu na kupoteza kitu. Ilipata picha, na wasomaji wengi. Lakini ilipoteza sauti ya msimulizi, na katika vitabu vya Kiingereza ilipoteza hata lugha yake. Tena juu ya jalada limeandikwa jina la mwandishi, nalo jina la bibi au mzee aliyeisimulia kwanza halionekani. Kama Steere asingaliandika Kiswahili chenyewe, neno kwa neno, leo asingalikuwako mtu wa kuweza kufungua kitabu na kusikia jinsi watu wa Unguja wa mwaka 1870 walivyotambiana hadithi. Ndiyo sababu kazi yake ina thamani kuliko ya wengi waliokuja baadaye na picha nzuri zaidi.

Pale Bagara, watu wa makabila mengi hukaa pamoja, Wagorowa na Wairaqw na Warangi na wengineo, na kila kabila lina hadithi zake. Mwenye kutaka kuifanya mojawapo kuwa kitabu cha picha, njia yake imekwisha kuonyeshwa. Kwanza huketi akasikiliza, asimkatize bibi. Huandika kwa lugha ile ile bibi aliyosimulia, pamoja na nyimbo na marudio yake. Neno asilolijua huliuliza. Akiisha kuandika, humsomea bibi tena, ili bibi aseme mahali alipokosea. Huandika na jina la bibi, akipewa ruhusa. Ndipo huchukua kalamu za rangi na kuchora, ukurasa mmoja kwa kila mara wimbo unaporudi.

Kazi hiyo haihitaji mtu mkubwa wala daktari wa sheria. Huhitaji daftari, na masikio yenye subira, na kuwahi. Maana bibi hangoji.